Uzuri Usio na Sahihi

Michoro mingi ya Rembrandt haina sahihi. Mchoraji huyo Mholanzi, aliyezaliwa Leiden mwaka 1606 na kufariki Amsterdam mwaka 1669, hakuichora kwa ajili ya soko. Mingi ilikaa kwenye karakana yake, na wanafunzi wakaiiga hadi mikono ikafanana. Michoro kadhaa iliyosifiwa kuwa yake leo inahesabiwa kuwa ya wanafunzi hao. Je, mchoro ukivuliwa jina lake kubwa, uzuri unakwenda wapi? Karatasi ni ileile, wino ni uleule.

Tutazame mmoja ambao hauna ubishi mkubwa: mwanamke kijana aliyelala, wa mwaka 1654 hivi, uliohifadhiwa British Museum, London. Huenda ni Hendrickje Stoffels, aliyeishi naye. Rembrandt alitumia brashi na wino wa kahawia. Uso na nywele ni mapigo machache membamba. Vazi ni mapigo mapana, mengine makavu kiasi kwamba karatasi inachungulia katikati ya wino. Mkono aliolazia kichwa haukuzungushiwa mstari kila upande, lakini jicho linaukamilisha lenyewe na kuhisi uzito wake.

Rangi ya mafuta humpa mchoraji nafasi ya kughairi, kwani akikosea hupaka juu yake. Wino ukishanywewa na karatasi, umekwenda. (Rembrandt naye alikuwa akifunika makosa kwa rangi nyeupe hapa na pale, na madoa hayo nayapenda.) Kwa hiyo kila pigo ni uamuzi, na kufurahia mchoro ni kuufuata uamuzi huo hadi pale alipoona inatosha.

Hapo ndipo jina linapopata uzito wake halali. Anayenakili anajua mstari utaishia wapi kabla hajauanza, kwa sababu mwingine amekwisha kuamua. Aliyemtazama mwanamke amelala hakujua. Tofauti hiyo huonekana kwenye mstari wenyewe, na mwanafunzi asiyejulikana aliyetazama kwa macho yake mwenyewe anastahili heshima ileile anayopewa bwana wake.

Mwanga hudhuru michoro ya namna hii, hivyo haitundikwi ukutani muda wote. Ukifika London, usiridhike na kumbi za wazi. Omba mapema nafasi katika chumba cha kutazamia michoro, na kibao chenye jina ukisome mwisho.