Babu Twisti na shamba la mlau

Kabla ya daraja, Ndundu palikuwa mahali pa kungoja. Malori ya Lindi na Mtwara yalipanga foleni yakisubiri pantoni, na masika yakikolea abiria walilala palepale, wakila samaki wa kukaanga na kunywa kahawa chungu. Msafiri aliyekwama hakudai ushahidi. Ukimpa hadithi tamu ataipokea, kesho atavuka nayo, na hamtaonana tena. Waongeaji wa Ndundu walizoea wasikilizaji wa namna hiyo. Agosti 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa, lenye urefu wa mita 970 juu ya Mto Rufiji, mabasi yakaanza kupita yakitimua vumbi. Wasikilizaji wakabaki wenyeji watupu, watu ambao kesho mtakutana nao msibani, sokoni na kwenye kesi. Wazee lakini waliendelea kusimulia vilevile, kana kwamba pantoni bado ipo.

Watu wa kisa hiki ni wa kubuni, msomaji asihangaike kuwatafuta. Mambo ya miaka ya sitini yaliyomo humu si ya kubuni.

Marafiki walikuwa watatu. Wa kwanza vijana walimwita Babu Twisti, naye jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake. Wa pili ni Fundi, aliyepiga cherehani Kariakoo miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani na macho mabovu. Wa tatu ni Bi Taipu, ambaye alipelekwa Dar es Salaam kwa shangazi yake kujifunza kupiga taipu, akaipiga ofisini mpaka akastaafu. Kila alasiri walikaa chini ya mwembe, kahawa ikiwa kwenye birika, na vijana wa bodaboda wakingoja abiria pembeni.

Walikuwa na mengi ya kusimulia. Dar es Salaam ya miaka ile ilikuwa inacheza. NUTA Jazz ilianza 1964, Western Jazz walikuwa na mtindo wao wa saboso, na Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande iliwagusa zaidi watu wa kusini, jina lenyewe likiwa la jirani. Vijana walicheza twisti na chacha, wakafuga nywele, wakatafuta sahani za soul kutoka Marekani. Wavulana walivaa suruali zilizobana mpaka Fundi akasema kuwa wengine alikuwa akiwashonea wakiwa wamezivaa. Wasichana walivaa mini. Huko San Francisco na London vijana walikuwa wakigombana na wazazi wao juu ya nywele na nguo. Huku ugomvi ulikuwa na chama na serikali, kwa sababu nchi ilikuwa na miaka michache tu tangu uhuru, Azimio la Arusha lilikuwa limetoka Februari 1967, na kila kilichovaliwa kilipimwa kama ni chetu au ni cha mkoloni.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969, marufuku mini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana. Tarehe haikungojwa. Mwezi uleule wa tangazo, makundi ya vijana yaliwavizia wasichana kwenye kituo cha mabasi Kariakoo, yakawavuta kutoka kwenye basi na kuwachania nguo, mpaka polisi wakaingilia. Mwishoni mwa mwaka uliofuata ikawa zamu ya soul kupigwa marufuku mjini Dar es Salaam. Nisemalo mimi, na wazee hawa hawakuwahi kulisema, ni kwamba mwaka huohuo wa 1968 Wamaasai wa Arusha walikuwa wakishurutishwa waache lubega wavae suruali. Nchi moja, mwaka mmoja: huyu anakamatwa kwa suruali iliyobana mno, yule kwa kutovaa suruali kabisa.

Sasa msikilize Babu Twisti. Katika masimulizi yake alikuwa Dar tangu 1966 mpaka 1970. Alicheza mbele ya jukwaa la Kilwa Jazz mpaka mpiga gitaa akamwinamia. Vijana wa TANU walimsimamisha, wakaingiza chupa ya soda kiunoni mwa suruali yake ili waone kama itateleza hadi chini, nayo ikakwama gotini. Akatimua mbio nayo. Kijiwe kizima kilicheka. Kisha angeinua mkono na kumwonyesha Bi Taipu: "Na huyu dada yenu, siku ile Kariakoo, nani aliwatawanya wale wahuni? Si mimi peke yangu?" Bi Taipu angetazama kikombe chake. Fundi angeitikia, "Tulikuwa wote, kaka."

Hawakuwa wote. Babu Twisti alifika Dar mara moja tu enzi hizo, kumsindikiza baba yake hospitali, na aliondoka kabla hajaliona jukwaa la dansi. Miaka yote hiyo alikuwa bondeni, juu ya dungu, kombeo mkononi, akifukuza ndege na nguruwe wasiumalize mpunga. Chupa iliyokwama gotini ilimpata mteja mmoja wa Fundi. Kule kucheza mbele ya jukwaa kulikuwa kwa Fundi mwenyewe.

Marekani nao wana utani wa namna hii juu ya tamasha la Woodstock la Agosti 1969. Waliohudhuria wanakadiriwa kufika laki nne, lakini ukiwahesabu wanaodai walikuwepo, konde lile lisingewatosha hata kwa kusimama. Kujichomeka katika ujana wa wenzako ni tamaa ya kawaida, na chumvi kidogo haijamwua mtu. Mimi lawama yangu naipeleka kwingine, kwa wale wawili waliojua na kunyamaza.

Fundi alikuwa na sababu yake. Hadithi zake mwenyewe zilikuwa za mtu aliyeinamia cherehani hadi saa nne za usiku, akashika dansi mara chache. Akizisimulia yeye, watu walipiga miayo. Zikipita mdomoni mwa mwenzake zilinoga, na yeye alipata sehemu ndani yake bila jasho. Sababu ya Bi Taipu ni nzito zaidi. Siku ile ya Oktoba aliposhuka basi, gauni lake lililoshonwa na Fundi lilichanwa toka pindoni hadi kiunoni, na watu wazima waliokuwa kituoni walicheka. Hakuna mwanamume aliyenyanyua mkono. Mama mmoja muuza mihogo alijivua kanga ya juu, akamzungushia, akamwambia ajikaze atembee. Jina la mama huyo Bi Taipu hakulijua. Miaka ilivyokwenda, ile hadithi ya rafiki aliyewatawanya wahuni ikawa nyepesi kuibeba kuliko ile ya watu waliocheka. Kila Babu Twisti aliposimulia, yule msichana wa 1968 alipata mtetezi. Kwa nini amnyang'anye?

Kesi ilipotokea haikuhusu nguo wala muziki.

Babu Twisti ana mpwa, mtoto wa marehemu dada yake, mjane mwenye watoto wanne. Analima kipande cha mlau kando ya mto, pale ambapo mafuriko yakishuka unapanda mahindi na kunde udongo ungali na unyevu, wala huhitaji tone la mvua. Ardhi ya namna hiyo haipatikani mara mbili. Jirani naye alidai kipande hicho ni cha baba yake. Ugomvi ulikuwa wa zamani, tangu mafuriko makubwa ya 1968 yalipozika mipaka chini ya matope, na baada yake Operesheni Rufiji ikawatoa watu bondeni na kuwapandisha kwenye vijiji vya nchi ya juu. Nyumba zilihama, mashamba yakabaki kule chini bila wa kuyachunga. Waliorudi kulima walikuta bonde tupu lenye miti michache, kila mmoja akakisia.

Ndani ya kipande kile umo mwembe. Nani aliupanda, na kabla ya maji ya 1968 au baada? Kati ya watu wote waliokuwa wakilima pale siku zile, aliyebaki hai ni mmoja tu. Alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, juu ya dungu, na aliona kwa macho yake dada yake akimwagilia mche kwa kata.

Baraza la Ardhi la Kijiji ni watu saba, watatu wao wanawake kwa mujibu wa sheria ya 1999, na kazi yao ni kusuluhisha. Babu Twisti alivaa kanzu safi. Alieleza vizuri, kuliko alivyowahi kueleza jambo lolote kijiweni: dungu lilielekea wapi, jirani wa juu alikuwa nani na wa chini nani, maji yalipanda usiku gani wa mwezi, nani walikuja na mtumbwi kuwachukua. Wajumbe walikuwa wanatikisa vichwa kwa kukubali. Ndipo mtoto wa jirani, kijana wa bodaboda ambaye mara nyingi alikaa chini ya mwembe ule wa kahawa, akaomba ruhusa, akaweka simu mezani.

Sauti ikatoka, na kicheko cha watu nyuma yake: "Mimi toka sitini na sita mpaka sabini sikuukanyaga udongo wa Rufiji. Mafuriko yenyewe niliyasikia redioni, nipo na suruali yangu, nangoja dansi lianze."

Mwenyekiti aliizima simu mwenyewe. "Mzee wetu, sisi ni wajukuu zako, hatuna ulimi wa kukuita mwongo. Ila tusaidie. Mafuriko yalikukuta wapi?"

"Bondeni. Yale yalikuwa maneno ya kahawa tu."

Mjumbe mmoja, mwanamke wa makamo, akauliza kwa upole kabisa: "Na haya ya leo, babu, ni maneno ya nini?"

Hakujibu. Aliomba aitwe Fundi.

Fundi alisimama akishikilia mkongojo. Hapo ilitosha kusema sentensi moja: huyu hakuwa Dar, nilikuwa mimi. Lakini kwenye simu ileile, baada ya kicheko, kulikuwa na sauti yake ikiitikia "Tulikuwa wote, kaka." Kumwokoa mwenzake ni kujitia hatiani mbele ya kijiji, tena mbele ya wajukuu zake waliokaa mlangoni. Akasema, "Miaka mingi hiyo. Sikumbuki vizuri." Akakaa.

Bi Taipu hakuitwa na mtu. Alinyanyuka kwenye mkeka wa akina mama, akafunga kanga yake vizuri, akaomba naye asikilizwe.

"Huyu hakuwa Dar," alisema. "Mnajua kile kisa changu cha Kariakoo, kwamba alinitetea. Hakunitetea. Hakuwepo. Sikutetewa na mwanamume yeyote, walikuwa wanacheka. Aliyenisitiri ni mama muuza mihogo. Nimeacha hadithi hiyo isemwe miaka yote kwa sababu zangu, lakini mtoto wa watu asikose shamba kwa ajili yake."

Baraza lilikaa kimya kidogo, kisha wakili wa kienyeji wa upande wa pili, maana kila kijiji kina mmoja, akauliza kama bibi huyu aliyekuwa Dar mwaka ule anaweza kushuhudia nani alipanda mti bondeni. Hakuweza. Aliweza tu kusema mahali ambapo rafiki yake hakuwepo. Na aliyekuwepo tayari alikuwa na ulimi wa namna mbili ndani ya simu moja.

Wasuluhishi hufanya wanachofanya wasuluhishi. Kipande kiligawanywa. Mpwa akapata upande wa juu, unaokauka mapema. Jirani akapata upande wa mto, pamoja na mwembe. Mpwa angeweza kupeleka shauri mbele, lakini nauli ya kwenda na kurudi, na siku za kuacha shamba, ni bei ambayo mjane mwenye watoto wanne huihesabu mara mbili. Alikubali, akatia dole gumba.

Kijiwe hakikufa. Fundi aliendelea kuja, ila siku hizi anasimulia cherehani yake mwenyewe, na watu wanapiga miayo kama zamani. Bi Taipu alikaa wiki kadhaa bila kutokea, aliporudi vijana wa bodaboda walimpisha kiti bila kuambiwa. Jina la Babu Twisti halijafutika. Jina la utani halina mahakama ya kulifuta.

Mpwa hakumnunia mjomba wake. Aliendelea kumletea mchele, na siku moja alikuja na daftari la shule la mwanawe na kalamu. Kulikuwa na vipande vingine viwili bondeni, vya ukoo, ambavyo bado hakuna aliyevigombania.

"Mjomba, kile cha karibu na bwawa, kabla ya maji nani alikuwa analima?"

Mzee alikaa sawa, akakohoa, macho yakaanza kung'aa. "Aa, mwaka ule, mwanangu! Mwaka ule NUTA Jazz walikuwa wametoa..."

"Mjomba," mpwa akasema, kalamu ikiwa tayari kwenye mstari. "Anza na mpaka wa mashariki."