Darubini ni shahidi, tusimzidishie maneno

KIJANA mmoja wa chuo kikuu alinifuata baada ya swala ya Ijumaa. "Ustadhi, darubini za leo zinakaribia kuona mwanzo wa ulimwengu. Zikifika, tutakuwa na haja gani ya kumtaja Muumba?" Mzee aliyekuwa kando akamkatisha: "Hiyo ni kufuru, usisome mambo hayo!" Kwa maoni yangu, wote wawili wamekosea.

Nuru husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini nayo huchukua muda. Jua tunaloliona ni la dakika 8 zilizopita. Mwaka 964 Miladia, mwanachuoni wa falaki Abd al-Rahman al-Sufi aliandika habari za kijiwingu hafifu angani, ambacho leo kinaitwa Andromeda. Nuru iliyoingia machoni mwake ilikuwa imesafiri miaka kama milioni 2.5. Kutazama mbali, basi, ni kutazama zamani.

Ulimwengu unakadiriwa kuwa na miaka bilioni 13.8. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, imeona makundi ya nyota kama yalivyokuwa miaka isiyofika milioni 300 baada ya mwanzo. Kabla yake, mwaka 1965, Arno Penzias na Robert Wilson walitangaza huko Marekani kuwa antena yao imenasa mabaki ya nuru kongwe zaidi, iliyoachiwa miaka kama 380,000 baada ya mwanzo. Nyuma ya hapo nuru haipenyi, kwani ilinaswa kama taa za gari ndani ya ukungu. Wataalamu wanakokotoa, hawaoni.

Katika sharia yetu, shahidi husema aliloliona bila kuzidisha. Darubini imeshuhudia ulimwengu ulivyokuwa. Kwa nini upo badala ya kutokuwepo, hilo haliko katika ushahidi wake. Kijana amemlisha shahidi maneno. Mzee naye amemkataa shahidi mkweli, na hiyo ni dhulma.

Lipo kosa la tatu, la kuijenga imani juu ya pale wasipoona wao. Je, wakiona kesho, imani iporomoke? Allah (SW) ni Mola wa vinavyoonekana na visivyoonekana.

Ndugu zangu, al-Sufi alitazama bila woga na akaandika alichokiona. Watoto wetu nao wasome falaki, na tuwafundishe kusema "sijui" pale ujuzi unapokoma.

Wallahu a'lam.