Mfungo Usio na Nia

Katika makanisa mengi ya kilokole "siku tatu kavu" haihitaji maelezo: hakuna chakula, hakuna maji, ni maombi tu. Je, mtu ambaye ini lake limejaa makovu kwa homa ya ini B au pombe, naye afunge?

Kwanza atazamwe mwili. Mgonjwa wa namna hiyo akikaa kwenye benchi la hospitali pale Somanda, Bariadi, utaona tumbo limejaa maji hata shati halifungiki, huku mabega yamechongoka na panja zimebonyea. Mtaani watasema karogwa. Kumbe ini zima huweka akiba ya sukari ya kumvusha mtu usiku, na ini lenye makovu halina pa kuiweka, kwa hiyo mwili humega misuli. Vipimo vilionyesha kwamba usiku mmoja bila kula humfanya mgonjwa huyu awe kama mzima aliyeshinda njaa siku mbili au tatu. Siku tatu kavu, kila usiku, bila nia!

Mifupa nayo hulegea, kwani vitamini D hupitia kwanza kwenye ini ili iweze kufanya kazi. Kuteleza kidogo kisimani, nyonga imevunjika.

Ndiyo maana madaktari husisitiza mlo wa kabla ya kulala: uji wa karanga, au michembe ya viazi vitamu na mtindi. Dini hazijamkataza mgonjwa kula. Qurani, katika sura ya Al-Baqara, imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga. Asiyetarajia kupona hulisha maskini. Kanisa Katoliki nalo halimbani mgonjwa. Hata hivyo wengi huikataa ruhusa hiyo, na mara nyingi (tusifichane) wanachoogopa zaidi ni macho ya majirani kuliko Mungu.

Kuna jambo zito zaidi. Ini likishindwa kuondoa amonia, misuli ndiyo husaidia kuipunguza. Misuli ikiisha, sumu hupanda kichwani: mgonjwa hulala mchana, hukesha usiku, husahau majina ya wanawe. Na funga haiwi funga bila akili timamu na nia. Anayefunga kwa gharama ya misuli anaitumia nyama ileile inayoilinda nia yake.

Mchungaji anayetangaza mfungo wa kanisa zima, basi, atangaze pia, papo hapo madhabahuni, nani asifunge, kabla mgonjwa hajalazimika kuomba ruhusa mbele za watu.