Moja Iliyogeuka Saba

Bango lile nililitengeneza mimi, kwenye steshenari yangu hapa Mkolani, kando ya barabara iendayo Buhongwa. Mama mmoja mkaanga sato alitaka kibanda chake kionekane. Nikamchagulia fonti ya kuchezea, herufi zake kama zimechorwa kwa mkono: nene, nyingine imeinama, nyingine imeruka juu ya mstari. Jina likapendeza kweli. Watoto wa shule walisimama kulisoma kwa sauti.

Kosa langu lilikuwa chini ya jina. Nilitaka bango liwe na sura moja, kwa hiyo namba ya simu na Lipa Namba nikaziandika kwa herufi zilezile. Katika fonti ile, moja ina kishungi kirefu kichwani na saba imelegea mgongo. Kwenye kompyuta ukizikuza unazitofautisha. Ukiwa ndani ya daladala inayotoka Nyegezi, huwezi.

Mteja mmoja alipiga simu siku mbili kuagiza samaki wa sherehe ya kumuaga binti yake, kila mara akapokea mtu asiyemjua. Akaagiza kwingine. Mwingine alilipia chakula, hela ikaenda kwa mfanyabiashara mwingine, maana hakusoma jina lililotokea kabla ya kuweka namba ya siri.

Mama yule alikuja ofisini. Hakugomba. Aliweka kidole kwenye picha ya bango na kuuliza, "Mwanangu, hii ni moja au saba?" Nikasita, mimi niliyeiandika.

Herufi hizi za kuchezea zina mahali pake. Mwaka 1994 Vincent Connare wa Microsoft aliona mbwa wa katuni kwenye programu akizungumza kwa Times New Roman, herufi zilizobuniwa kwa ajili ya gazeti la London. Akaona sauti haiendani na msemaji, ndipo akaanza kuchora Comic Sans. Alikuwa sahihi: mbwa wa katuni anastahili herufi za katuni, na vivyo hivyo jina la chekechea, keki ya mtoto au kibanda cha juisi. Lakini nimeshaombwa kuzitumia kwenye ratiba ya mazishi, na siku hizi nakataa kwa heshima.

Bango la pili nililigharamia mwenyewe, nikampa kazi mzee anayechora kwa brashi. Jina alilipamba kwa vivuli na mikunjo. Alipofika kwenye namba alivuta uzi wenye chaki, akaupiga ubaoni, kisha akaandika tarakimu moja moja, zimesimama wima, zimeachana. Alipomaliza alimwita mtoto aliyekuwa ng'ambo ya barabara azisome. Mtoto alizisoma zote bila kukosea.

Nawe unayewatengenezea watu mabango, kabla hujachapisha bango, bandika nakala yake ya majaribio ukutani, vuka barabara, umwombe asiyeijua namba hiyo akusomee.