Miaka mitano ya Luton

Timu ikishuka daraja kwa kufungwa, shabiki ana wa kumlaumu: kipa, kocha, refa. Mashabiki wa Luton Town walinyimwa hata hilo. Msimu wa 2008/09 timu yao ilianza ligi ikiwa imekatwa pointi 30, adhabu iliyotokana na ufilisi na makosa ya malipo chini ya uongozi uliotangulia. Aprili 2009 walifurika Wembley, wakashangilia kombe baada ya kuifunga Scunthorpe 3-2. Haikupita wiki mbili timu ikashuka, ikatoka kabisa kwenye madaraja manne ya juu ya Uingereza.

Huko chini ilikaa misimu mitano. Mara tatu mfululizo ilikwama kwenye mechi za mchujo wa kupanda, moja kwa penalti dhidi ya AFC Wimbledon, klabu iliyoanzishwa na mashabiki wenyewe. Kisha, Januari 2013, Luton ikaenda Norwich na kuitoa timu ya Ligi Kuu katika Kombe la FA, 1-0, ugenini! Shabiki wa daraja la tano huishi akisubiri siku kama ile.

Ilipanda 2014, na 2023 ikafika Ligi Kuu. Mimi sifa zangu nawapa waliolipa kiingilio kwenye uwanja wao wa Kenilworth Road miaka ile mitano, kwenye mvua na baridi, bila kuahidiwa lolote. Pointi zile 30 ziliwaumiza wao kuliko yeyote aliyekosea.