Mgeni wa Maji Baridi

Trauti hana kwao Ozarks. Naanza hapo kwa sababu mambo mengine yote ninayotaka kusema yanatoka kwenye sentensi hiyo moja.

Ozarks ni eneo la vilima na misitu katikati ya Marekani, sehemu kubwa ikiwa kusini mwa jimbo la Missouri na kaskazini mwa Arkansas. Chini ya vilima hivyo kuna mawe ya chokaa yaliyojaa matundu na mapango. Mvua ikinyesha, maji hupotelea humo, kisha huibuka mbali kwenye chemchemi kubwa, yakiwa na baridi ya nyuzi 14 hivi, iwe majira ya joto au ya theluji. Kila tarehe 1 Machi, maelfu ya watu husimama bega kwa bega kando ya chemchemi nne za Missouri, yaani Bennett Spring, Montauk, Roaring River na Maramec Spring, wakingoja ishara ya asubuhi ili warushe ndoano. Baba amekuja na mtoto kwa sababu hata yeye aliletwa na babake. Samaki wanaowangoja wamelelewa kwenye matangi, wakaletwa na kumwagwa mtoni.

Ukiwauliza watu hawa, watakwambia wanaupenda mto. Na si mdomo tu. Tangu 1989 Missouri ina vikundi vya kujitolea vinavyoitwa Stream Team, vinavyookota taka mitoni, kupima maji na kupanda miti kandokando. Wengi wetu tunaoishi karibu na mto wa mjini hatujawahi hata kuinama kuokota chupa moja.

Swali linalonisumbua ni hili: unaweza kuwa mtunzaji wa kweli wa mto unaoupenda kwa sababu ya kitu ulichokiweka wewe mwenyewe, hasa ikiwa kilichokuwepo kabla yake kiliondolewa? Au huo ni upendo wa mtu anayejitazama kwenye kioo?

Hebu tuone mambo yalivyokwenda. Trauti wa kwanza, wale wenye mstari wa waridi ubavuni, walitoka California na kufikishwa Missouri miaka ya 1880. Walipata chemchemi zile baridi, wakakaa. Kama mambo yangeishia hapo, labda nisingekuwa na la kuandika. Lakini karne ya 20 ikaja na mabwawa. Norfork, huko Arkansas, lilikamilika 1944. Bull Shoals, kwenye mto White, lilizinduliwa na Rais Truman mwaka 1952. Table Rock likafuata 1958. Greers Ferry, kwenye mto Little Red, lilizinduliwa na Rais Kennedy Oktoba 1963, wiki saba tu kabla hajauawa. Sababu zilikuwa za maana: kuzuia mafuriko na kupata umeme. Mabonde yakajaa maji. Familia zikahama, na kule Norfork hata makaburi yakahamishwa.

Ukuta wa bwawa refu huziba mto, na pia huugeuza mto ulio chini yake. Maji yanayopita kwenye mitambo ya umeme huchotwa kilindini, na kilindi cha ziwa hakipati jua. Mto White ulikuwa na maji ya uvuguvugu. Wavuvi walitoka mbali kuja kuelea kwa mashua siku kadhaa, wakitafuta samaki wa asili aitwaye besi wa mdomo mdogo. Bwawa lilipofunguka, maji yakawa baridi kama ya friji mwaka mzima. Besi hawezi kuzaa na kustawi kwenye maji hayo. Akatoweka kwenye kilomita nyingi za mto uliokuwa wake.

Serikali haikujifanya haioni. Ilijenga kituo cha kuzalisha trauti chini ya bwawa la Norfork, kikafunguliwa 1957, na sababu yake ilitajwa waziwazi: fidia kwa samaki waliopotea.

Neno hilo la fidia ndilo lililonikwama kooni. Tunajua maana yake. Barabara ikipita shambani kwako, unalipwa. Gari likikugonga, bima inalipa. Fidia humwendea aliyeumia. Sasa kwenye mto White aliyeumia nani? Besi hakupewa kitu. Kombe wa mtoni waliokuwa wakiishi kwenye changarawe za mto wenye joto hawakupewa kitu. Mto wenyewe haukurudishiwa chochote. Aliyelipwa ni mvuvi. Alikuwa na samaki wa kuvua, akapewa samaki mwingine wa kuvua. Kwa hivyo ile hesabu ilipopigwa, hasara iliyoonekana ilikuwa moja tu: mtu kukosa raha yake. Na raha hiyo ikarudi, tena kwa faida kubwa. Mwaka 1992, mtoni Little Red, chini ya bwawa la Greers Ferry, alivuliwa trauti wa kahawia mwenye zaidi ya kilo 18, rekodi ya dunia wakati huo. Ni aina ya samaki iliyotoka Ulaya, kwenye mto wa Arkansas uliopozwa na ukuta wa saruji.

Kuna watakaosema: basi, mwondoe. Mgeni amekaa vya kutosha, arudi kwao. Hoja hii ina mvuto, hasa kwa sisi tuliolelewa katika nchi ambayo wageni walikuja, wakapima, wakagawa, kisha wakatuambia hivyo ndivyo mambo yalivyo. Tena trauti tunamjua. Mwaka 1905 Ewart Grogan aliwatia trauti wa kahawia kwenye mto Gura, milima ya Aberdare, ili Waingereza wapate mchezo waliouzoea nyumbani. Kituo cha kuwazalisha kipo Kiganjo, karibu na Nyeri, tangu 1948. Leo mtu akila trauti wa mlimani hotelini, haulizi alikujaje.

Lakini mwondoe trauti mtoni White kesho asubuhi, utapata nini? Hutampata besi. Bwawa bado limesimama, maji bado ni baridi. Utapata mto mtupu na dhamiri safi, na dhamiri hiyo ni ya kwako, haimsaidii kiumbe yeyote aliye majini. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, wahenga walisema, na trauti yuko kwenye siku ya tatu muda mrefu sasa. Hakujileta. Alibebwa kwenye ndoo. Kumtoza yeye kosa la waliomleta ni uonevu tu.

Wengine watasema kinyume: acheni falsafa, bana. Mto una samaki, watu wana kazi, hoteli zinajaa, leseni za uvuvi zinaleta pesa ya kutunza maji. Tatizo liko wapi? Hawa nao hawajakosea kabisa, na upendo wa wavuvi umewahi kuzaa haki. Kwa miaka mingi, umeme ulipokuwa hauhitajiki, mitambo ya Bull Shoals ilizimwa na mto uliokuwa chini yake ukapungua hadi samaki wakaachwa kwenye mawe. Wavuvi walipiga kelele mwaka baada ya mwaka, mpaka Bunge la Marekani likaidhinisha kwamba lazima kiasi fulani cha maji kiendelee kupita. Bila watu waliompenda trauti, nani angeutetea mto huo? Mhandisi? Kampuni ya umeme?

Shida ni kwamba upendo wa namna hii hufuata ndoano. Huishia pale samaki anapoishia. Na mtoni kuna viumbe wasioshika ndoano yoyote.

Mmoja wao ni salamanda mkubwa aitwaye hellbender. Ana ngozi ya kahawia iliyojikunjakunja ubavuni, anaweza kufika nusu mita na zaidi, na anapumua kupitia ngozi hiyo hiyo, kwa hivyo maji yakichafuka anakosa hewa. Hula kamba wa mtoni na hukaa chini ya jiwe moja miaka nenda miaka rudi. Jamii yake ya Ozarks imepungua vibaya mno, na 2011 serikali kuu iliiweka kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Sababu ni nyingi: tope, uchafu, magonjwa, watu wanaowaiba kuwauza, mito iliyozibwa. Lakini kuna jambo moja dogo ambalo haliniishi akilini. Watafiti waliwawekea watoto wa hellbender maji yenye harufu ya samaki wa asili wanaowala. Wakaogopa. Walipowekewa harufu ya trauti, hawakushtuka sana. Miili yao inawajua maadui wa zamani tu. Huyu mgeni hawajaonywa kumhusu.

Kipimo changu cha utunzaji kiko hapo hapo, chini ya jiwe la hellbender. Kiswahili kina neno ambalo nadhani linatufaa kuliko uhifadhi au mazingira, maneno ambayo tumeyasikia kwenye semina hadi yamechuja. Neno hilo ni amana. Ukiachiwa amana, huulizwi kama unaipenda. Unaulizwa iko wapi. Ukiachiwa mbuzi watatu ukamtunza mmoja vizuri kwa sababu anakupa maziwa, mwenyewe akirudi hutamwambia jinsi huyo mmoja alivyonona.

Lakini amana kwa kawaida hurudishwa kama ilivyotolewa, na mto White hauwezi kurudishwa, angalau si katika maisha yetu. Je, amana iliyokwisha kuvunjika bado ni amana? Nasema ndiyo, na mzigo umeongezeka. Kwanza unawiwa na kile kilichobaki, akiwemo mgeni, kwa sababu sasa uhai wake unategemea mkono wako. Ulimfanya akuhitaji, na huwezi kumtupa kwa kuwa tu umegundua historia yake haipendezi. Pia unawiwa na ukweli kuhusu kilichopotea. Mtoto anayeletwa tarehe 1 Machi afundishwe kufunga ndoano, sawa, lakini aambiwe pia kwamba samaki huyu aliletwa, na kwamba kwingineko, chini ya mabwawa, kuna mwingine aliyeondoka ili huyu akae. Bila hilo, anarithi mchezo akidhani amerithi mto.

Kuna dalili kwamba hili si ndoto. Mwaka huo huo wa 2011, bustani ya wanyama ya Saint Louis ikishirikiana na idara ya uhifadhi ya Missouri ilifanikiwa kuzalisha hellbender wa Ozarks kwa mara ya kwanza duniani nje ya mito yao, na tangu hapo wamekuwa wakirudishwa mtoni. Hakuna atakayewavua. Hakuna atakayepiga nao picha ya kujisifu. Mwaka 2012 Missouri ilipiga marufuku viatu vya kuvulia vyenye soli za manyoya yaliyoshindiliwa kwenye mito ya trauti, kwa sababu soli hizo hubeba mwani hatari kutoka mto hadi mto. Soli hizo ndizo hushika vizuri juu ya mawe yanayoteleza. Kwa hivyo mvuvi alikubali kuteleza kidogo zaidi. Huo ndio utunzaji ninaouelewa: ule unaomgharimu anayetunza.

Mtu anaweza kuniuliza kama si bora kuzuia bwawa tangu mwanzo. Ni bora, na kuna mto uliofanyiwa hivyo. Mto Buffalo, tawi la White, ulipangiwa mabwawa pia. Daktari mmoja wa Arkansas, Neil Compton, na wenzake walianzisha chama cha Ozark Society mwaka 1962 kuupigania. Tarehe 1 Machi 1972 ukawa mto wa taifa wa kwanza Marekani. Besi bado wako humo. Lakini hata huko mikono haikubaki safi. Ardhi ya kandokando ilinunuliwa na serikali, na familia zilizoishi pale vizazi kadhaa zikaondoka, wengine na uchungu hadi leo. Kabla yao Waosage walikuwa wameshasukumwa magharibi. Msomaji wa Kenya anaijua hadithi ya watu kutolewa msituni kwa jina la msitu. Na kulindwa mara moja hakutoshi. Mwaka 2012 shamba kubwa la nguruwe, maelfu kadhaa, lilipewa kibali kando ya kijito kinachoingia Buffalo, juu ya mawe yale yale yenye matundu, na ilichukua hadi 2019 kwa jimbo kulinunua ili lifungwe.

Kwa hivyo sitafuti mto usio na kosa. Haupo, si Arkansas, si Nyeri. Buffalo unapoingia White, maji ya joto hukutana na maji ya baridi, na kutoka hapo ni mto mmoja. Anayesimama hapo na ndoano yake hana haja ya kuchagua atunze upande upi. Pande zote mbili ziliachwa mikononi mwake, ule uliookolewa na ule ulioharibiwa, pamoja na kila kilicho chini ya mawe ambacho hatakivua kamwe.