Saa za Utumishi

Je, ni haki mtu kumtumikia mgonjwa huku moyo wake ukitazamia faida yake mwenyewe? Swali hili huwakabili vijana wa Marekani wapendao kuwa wasaidizi wa tabibu, yaani wataalamu wapimao wagonjwa, watambuao maradhi na kuandika dawa kwa kushirikiana na madaktari. Vyuo vingi vya kazi hiyo havimpokei mwombaji kwa alama za darasani tu. Humtaka awe amekwisha kuwahudumia wagonjwa kwa mikono yake, na baadhi hudai saa 1,000 au zaidi. Basi kijana huajiriwa hospitalini au katika nyumba ya wazee. Huogesha, hulisha, hupima homa na kubadili shuka, na saa zake huziweka katika hesabu.

Sharti hili lina asili yake. Mwaka 1965, katika Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, Daktari Eugene Stead alianzisha mafunzo ya kwanza ya wasaidizi hawa. Madaktari walikuwa haba, na watu waliofunzwa tiba katika jeshi la majini walirudi uraiani na ujuzi usio na cheo. Wanne kati yao walipokewa, na watatu wakahitimu mwaka 1967. Hao walipokuwa wakiuguza wagonjwa jeshini hawakuwa wakitafuta nafasi ya chuo hicho, maana hakikuwapo bado. Utumishi ulitangulia, mlango ukafunguliwa baadaye. Kijana wa leo huuona mlango kwanza, akaushika utumishi kuwa njia ya kuufikia.

Wako wasemao kuwa nia si kitu. Mwenye kiu hupozwa na maji, wala haulizi moyo wa aliyemletea. Neno hili lina kweli ndani yake, lakini halitoshi. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hana budi kugeuzwa mara kwa mara, mchana na usiku, asije akafanya vidonda mgongoni na nyongani. Mtumishi aliyeamka saa nane za usiku akamgeuza, na mwenziwe aliyesinzia kitini, wote wawili huandikiwa saa sawa. Karatasi haiwatofautishi, bali mwili wa mgonjwa huwatofautisha. Wahenga walinena: nia njema ni tabibu, nia mbaya huharibu.

Hata hivyo, kutamani cheo si dhambi, na mwenye kukitamani asitukanwe. Ujira wa kazi hizi ni mdogo, na jasho lake ni jingi. Tena moyo wa binadamu hufundishika. Huenda mtu akaingia wodini kwa ajili ya hesabu, na baada ya kumlisha mzee mmoja kwa siku nyingi, akajikuta anamwulizia hali hata siku ya mapumziko. Mwingine hutambua mapema kwamba hawezi kustahimili harufu ya ugonjwa, akaenda zake pasipo kumdhuru mtu. Wote wawili wamefaidika, na wagonjwa wajao wamefaidika zaidi.

Kwa hiyo naona sharti hili ni la haki, ila halithibitishi wema. Humpa mtu nafasi ya kuujifunza tu. Kijana aliyetimiza saa 1,000 na ajipime kwa ile inayofuata, ambayo chuo hakiihitaji na mgonjwa bado anaihitaji.